Simu ya Daktari Kabatini Mwangu

Zamu yake ikiisha saa kumi na moja jioni, daktari jirani yangu hunikabidhi simu niifungie kabatini hadi saa moja, ili apumzike. Hata mikono ikiwa mitupu, vidole vyake huendelea kuchapa majibu kwa wagonjwa juu ya meza yangu. Jana, baada ya kunikabidhi, alirudi upesi.

"Bibi Hovland, niichungulie mara moja tu!"

"Si zamu ya mwenzako?"

"Ni yake."

"Basi sisi akina Hovland hatuvunji ahadi. Chukua ndoo, kachume matunda madogo meusi msituni."

"Mkali kama askari jela!" Akaenda akicheka.

Saa moja nilimngoja uani na simu yake. Alitokea saa mbili, jua la kiangazi cha huku kaskazini bado linawaka, akiimba. Vidole vilikuwa vyeusi kwa matunda, vimetulia.

"Simu yako, mwanangu."

"Ngoja kwanza ninawe," akasema, akala tunda jingine.