Koplo Aandikiwa Wasifu

Tangu Koplo astaafu jeshi, alikuwa mtu wa kukaa dirishani tu, akiitazama barabara kana kwamba bado yuko safarini. Mara mbili aliomba kazi ya kuendesha basi la shule, na mara mbili akakosa, maana barua yake ilikuwa sentensi moja: nilikuwa dereva jeshini. Shemeji yake akamwelekeza kwa dada mmoja anayewaandikia watu wasifu wa kazi kwa malipo.

Mkewe alicheka. "Umlipe mtu akwambie wewe ni nani? Si uniulize mimi bure!"

Hata hivyo alimsindikiza, mumewe asije akaibiwa mchana kweupe.

Chumba cha yule dada kilikuwa juu ya duka la viatu. Feni ilizunguka kivivu, harufu ya ngozi mpya ikapanda ngazini, na mke akaanza kusinzia. Maswali yalimfikia kwa mbali.

"Ulikuwa unabeba nini, baba?"

"Mizigo."

"Mizigo gani?"

Sauti ya Koplo ikatoka polepole, kama ya mtu anayeongea usingizini.

"Wenzetu waliofariki. Nilikuwa nawarudisha kwao. Barabara zenyewe mashimo matupu, basi naenda taratibu wasirushwerushwe. Nilikuwa naongea nao njiani."

Usingizi ukamruka mkewe. Miaka yote aliamini mumewe alibeba unga, na alizoea kumtania kwamba vita vyake vilikuwa vya magunia. Aibu ikamshika, na wivu pia, maana mgeni mwenye kompyuta aliuliza tu, akajibiwa.

"Hilo usiandike," Koplo akasema.

"Andika," mkewe akadakia. "Mimi mzazi, dereva wa hivyo ningemkabidhi mwanangu."

Yule dada akaandika, na mke akalipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo hajawahi kulifanya mahali popote. Kazi ilipatikana. Lakini anachokumbuka yeye zaidi ni ule mwendo wa kurudi nyumbani, jua limelegea, watu wakipita kama wanaelea, naye bega kwa bega na mumewe.

"Ulikuwa unawaambia nini?" akauliza.

Koplo alipunguza mwendo.

"Nilikuwa nawaambia tumekaribia kufika," akasema. "Hata kama bado ni mbali."