Mtani Aliyelia Msibani

Usiku ule wa kuamkia mkutano wa kijiji nililala mapema, maana sikuwa na la kusema. Mwenye gazeti la wilayani kwetu alikuwa ameandika kwamba babu yangu, kabla ya kufa, alimwita pembeni akamwambia chemchemi yetu iuzwe kwa watu wa maji ya chupa. "Mimi ni Mhehe, yeye Mngoni," aliandika, "na mtani hafichwi kitu." Alikuja na mashine yake ya kuchapa, akasema kwao ni Iringa, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Babu aliilinda chemchemi ile maisha yake yote. Lakini watu walisoma wakaamini, na mimi si msemaji.

Nikaona niko msibani tena. Babu hayumo jenezani. Amekaa kwenye benchi kati ya waombolezaji, amevaa koti lake la kahawia, anakula ugali taratibu. Hakuna anayeshangaa. Nami sishangai, namsogelea tu, maana nimemkumbuka sana.

Mbele yetu watani wanafanya kazi yao, kama walivyofanya siku tuliyomzika. Kwetu mtani haji msibani kulia. Huja kukejeli, wafiwa wapate nguvu. Bi Sekunda, jirani yetu Mhehe, anachechemea kama babu alivyochechemea, anatukaripia wajukuu kwa sauti yake. Kisha anaingia kaburini, analala chali.

"Sitoki mpaka mnipe jogoo," anasema. "Mngoni huyu alikuwa mchoyo hata wa kufa. Katuchelewesha."

Babu anacheka mpaka tonge linamponyoka.

Pembeni amesimama mwenye gazeti, suti nyeusi, leso nyeupe machoni, analia.

Babu anaacha kula. "Huyu naye ni nani wangu?"

"Anasema ni mtani wako, babu."

"Mtani gani analia msibani kwangu?" Kisha anamwita. "Njoo, Mhehe. Nitukane kidogo, nipumzike."

Mwenye gazeti anakunja leso. "Mzee wangu, nitawezaje? Nakuheshimu sana."

Msiba mzima unaangua kicheko. Bi Sekunda anapiga udongo kwa kiganja kule kaburini. Suti inarudi nyuma, inazidi kurudi nyuma, hata simwoni mtu tena; naona chemchemi tu, na babu ameinama, anakinga maji kwa mikono. Ananinywesha. Yana baridi ile ile.

"Usimwite mwongo," ananiambia. "Mwambie anitukane mbele ya watu."

Nikaamka nikicheka, mara ya kwanza tangu tumzike. Kumekucha. Najua ndoto si ushahidi, na mkutanoni sitasema babu amenituma. Lakini leso ile niliiona kwa macho yangu siku ya mazishi, na kijiji kizima kiliiona. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza.

Hodi ikabishwa. Bi Sekunda amesimama mlangoni na koti la babu mwilini, lile alilolichukua siku ya mazishi akakataa kulirudisha.

"Bado umelala, Mngoni? Ndiyo maana tuliwapiga vitani."

"Mlikimbia," nikamwambia, nikitafuta viatu. "Leo kaa karibu nami. Utaanza wewe kumtukana babu. Wa kukufuata namjua."