Simu Zinazoujua Mlima Meru

Kwa mwaka mzima na ushee niliamini, kwa moyo wangu wote na cheti changu cha shule ya jioni juu yake, kwamba ndani ya kila simu orijino duniani kuna punje ya jiwe la Mlima Meru.

Aliyeniambia ni kinyozi wangu wa hapa Moshono, kichwa changu kikiwa kimenyolewa nusu, na mtu aliyenyolewa nusu hana ubavu wa kubisha. Wenye viwanda vya simu, alisema, walikuja na helikopta wakachota mawe kule kileleni, wakayasaga laini kama sembe, na kila simu halisi hutiwa punje moja. Jiwe halisahau kwao. Ndiyo maana ukifungua dira kwenye simu halisi, sindano inageuka yenyewe na kuutazama Mlima Meru, hata kama umejifungia chooni. Simu feki haina jiwe, kwa hiyo haina kwao. Sindano yake inatazama popote.

Sikucheka. Nilitoa simu yangu palepale, shuka la kinyozi likiwa bado shingoni, nikatoka nje. Mlima ulikuwa wazi asubuhi ile, umekaa kama unamsubiri mpiga picha. Nikafungua dira. Sindano ikazunguka, ikasita, halafu ikaulenga mlima katikati ya paji la uso. Nywele zangu zote zilisimama, zile za upande uliobaki.

Lazima nieleze kwamba siku zile nilikuwa nimeshaugua ugonjwa wa kuzishuku simu. Yangu ilikuwa na programu za kupima nyingi kuliko za kutumia. Ipo iliyopaka kioo rangi moja moja, nyekundu, kijani, buluu, ili doa lililokufa lionekane. Ipo uliyoichorachora kwa kidole mpaka kila kona ya kioo ikiri kwamba inahisi. Ipo iliyosoma matumbo ya simu na kutaja ubongo wake na kumbukumbu yake halisi, maana simu feki hujisifia ukubwa kwenye mipangilio, lakini ukiibana kwa programu nzuri inaanza kugugumia. Na ipo iliyoichunguza betri kama daktari anayesikiliza kifua.

Na nilijua kuzivisha. Kuna programu inayobadilisha sura yote ya simu, vijana wanaiita lancha: unachagua umbo la vitufe, maandishi, mandhari, na ukimaliza, simu ya laki moja na nusu inatembea kwa maringo ya simu ya milioni mbili. Yangu niliibadilisha kila Jumamosi. Watu wazima waliiona mezani wakataka kuiamkia shikamoo. Kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa fundi wa kudanganya kwa mavazi, sikumwamini mtu yeyote aliyeivisha simu yake vizuri.

Sasa na dira ikaongezeka. Nilipima simu za mtaa mzima wa Moshono, mia tatu hivi, au tuseme thelathini na moja, na zote zikautazama mlima. Mara moja tu sindano iligoma. Jirani yangu seremala alileta simu yake ndani ya kava la ngozi, lile linalojifunga lenyewe kwa sumaku, tap. Nikafungua dira, sindano ikatazama karakana yake. Nikachora namba nane hewani kwa simu ile mara tatu, kama programu yenyewe inavyoelekeza, na watoto wakakusanyika wakidhani naagua. Sindano ikaendelea kutazama vitanda. Nikamwekea seremala mkono begani.

"Pole sana, fundi. Umeuziwa kitu."

Aliumia, masikini. Mimi nilitembea siku ile kama daktari bingwa. Uvumi, nilijiambia, umethibitishwa kisayansi. Lakini siri ya jiwe sikumwambia mtu. Matapeli wangeipata, wangeanza kupanda mlima na magunia.

Basi ndipo shangazi akanipigia. Shangazi yangu analima ndizi na maharage Maji ya Chai, na ndiye aliyenilipia ile shule ya jioni, kwa hiyo akipiga huwa nasimama kwanza ndipo napokea.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Nimenunua simu kubwa! Kule Kikatiti, kwa yule mama wa Kondoa. Imetumika, lakini inang'aa kuliko sufuria ya harusi. Kwaya nairekodi mpaka besi wanasikika wanavyokosea."

"Amekuuzia bei gani?"

Akaitaja. Ilikuwa rahisi mno.

"Si nimepata, baba?"

"Shangazi, hebu kaa nayo mbali kidogo."

"Kwani inalipuka?"

"Sijasema inalipuka. Maandishi yake yakoje?"

"Makubwa! Vitufe kama vitumbua. Yule mama kaniwekea mwenyewe, wala miwani siitafuti."

Simu haitoki kiwandani na vitumbua. Mtu ameivisha, na mimi najua kwa nini simu huvishwa. Bei rahisi, inang'aa, na imevalishwa: nini tena?

"Izime," nikamwambia. "Usiiwashe mpaka nije niipime."

Sikutaja neno feki, naapa. Lakini neno halihitaji kutajwa ili litembee. Shangazi aliwaambia sauti ya kwanza mazoezini, sauti ya kwanza wakawaambia waume zao, na kufikia jioni habari ilikuwa Kikatiti kabla yangu, imenenepa, inasema simu za yule mama zina tope ndani. Ikamfikia mwenye fremu, yaani chumba cha duka alichompangisha yule mama.

Na hapo ndipo pabaya. Mwenye fremu ile alikuwa mzee mmoja mfugaji, mzee wa kanisa, mtu wa neno moja. Mpangaji wake wa kwanza alikuwa ameuza simu feki mpaka akatoroka, na watu wakaja kumdai mzee kana kwamba yeye ndiye aliyeziunda. Mzee akaapa: neno hilo likithibitika tena mlangoni kwake, mpangaji anatoka siku hiyohiyo. Yule mama wa Kondoa alikuwa ameuza kava na chaji juani kando ya barabara miaka minne ndipo akapata ile fremu. Haya yote shangazi alinieleza asubuhi yake kwa sauti ya chini, akamalizia: "Njoo Kikatiti moja kwa moja, baba. Mzee anataka upime mbele yake. Ukisema feki, anamtoa."

Nilipofika saa tatu walikuwa wameshanikusanyikia watu wa kujaza ubatizo. Shangazi ameifunga simu kwenye kanga kama mtoto mwenye homa. Mzee amekaa kwenye kiti, fimbo magotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mpimaji?"

"Ndiye mimi."

"Pima. Nina ng'ombe wananingoja."

Yule mama alikuwa mfupi, mtandio wa zambarau, uso mtulivu mno. Nikamshuku zaidi kwa huo utulivu. Alitoa funguo za fremu mfukoni, akaziweka juu ya kabati la kioo.

"Funguo hizi hapa," alisema. "Kaka akisema feki, mzee azichukue. Akisema nzima, aseme kwa sauti ileile."

Nikaanza. Nikapaka kioo nyekundu, kijani, buluu, nyeupe, nyeusi. Hakuna doa. Nikachora kwa kidole kona hadi kona, kila kona ikaitika. Nikafunika jicho la mwanga kwa kiganja, kioo kikafifia kama kinavyotakiwa. Betri inapumua. Nikasoma matumbo: ubongo ule uliotajwa kwenye boksi, kumbukumbu ileile, haijaongezwa hata chembe. Nikarekodi sauti ili nijaribu kipaza sauti, nikaicheza kwa nguvu zote, na spika ikatoa sauti safi ya muuza ndizi mmoja aliyekuwa nyuma yangu:

"Huyo mpimaji mwenyewe mbona amekaa kifeki?"

Walicheka mpaka mzee akagonga fimbo chini. "Kipaza sauti kizima," nikasema, kwa heshima yote niliyobaki nayo.

Mngedhani nitaridhika. Lakini shule ya jioni ilinifundisha kwamba mwanafunzi anayepata mia kwa mia, mwangalie viganja. Kadiri simu ile ilivyofaulu vipimo, ndivyo nilivyozidi kuhisi jasho la udanganyifu. Nikageukia mavazi.

"Nani alikutuma uivalishe hivi vitufe?"

"Macho ya mama huyu ndiyo yaliyonituma," akajibu.

"Vua."

Akagusa mara mbili tu, vitumbua vikatoweka, ikabaki sura ya kiwandani, kila kitu kidogo kama dagaa. Hakuna kilichofichwa nyuma. Shangazi akapiga kelele: "Rudisha! Rudisha vitumbua vyangu!"

Ikabaki dira. Nikasema nahitaji hewa, nikatoka nayo nje hadi pembeni ya barabara, nikawapa mgongo ili wasione. Asubuhi ilikuwa safi. Mlima Meru ule pale mkono wa kushoto, na kulia kwa mbali Kilimanjaro imetoa kichwa juu ya mawingu. Nikachora nane hewani mara tatu. Nikafungua.

Sindano ikazunguka, ikasita, ikasimama. Haikuutazama Mlima Meru. Wala Kilimanjaro haikuitazama. Ilisimama katikati ya milima miwili, ikilitazama tangi la maji juu ya mashine ya kusaga.

Nikachora nane nyingine sita. Tangi.

Nilirudi ndani polepole, kama jaji. Kusema kweli nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimemkamata.

"Feki," nikasema.

Shangazi akaketi. Mzee akanyoosha mkono, akazichukua funguo, akazifumbata. Yule mama alizifuata kwa macho mpaka zilipopotea kwenye ngumi yake.

"Kwa kipimo gani?" aliniuliza.

"Hiyo ni siri ya fani."

"Kaka, unanitoa kwenye fremu kwa siri?"

Mzee akanitazama. "Hata kanisani mtu hatengwi mpaka kosa litajwe. Litaje."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikaeleza vyote: helikopta, mawe, punje, jiwe lisilosahau kwao. Nilitegemea watacheka, lakini wanaume wawili nyuma walitikisa vichwa kwa kukubali, mmoja akasema, "Kweli, hata mimi nilisikia hilo." Nikapata nguvu. Nikamwonyesha mzee sindano inavyotazama tangi.

"Haya," alisema yule mama. "Fungua na ya kwako."

Kwa raha zangu! Nikaitoa simu yangu, ile iliyoulenga mlima mbele ya kinyozi, iliyopimwa kuliko tumbo la mjamzito. Nikachora nane. Nikaiweka juu ya kabati, karibu na ya shangazi.

Tangi.

Niliiinua, nikaigeuza, nikatazama nyufa zake. "Nimebadilishiwa simu!" nikapiga kelele. "Njiani! Kuna mtu alikaa karibu yangu, amevaa koti—"

"Nani akubadilishie hilo dubwana?" shangazi akadakia. "Si nyufa zilezile ulizozipata ulipoanguka kwenye mfereji wangu?"

Kweli zilikuwa zilezile. Muuza ndizi akaleta yake. Tangi. Dereva wa bodaboda akaleta yake. Tangi. Dada wa duka la dawa akatoka mbio na simu mpya, plastiki haijabanduliwa hata kiooni. Tangi. Mzee mwenyewe, polepole, akatoa simu yake ndani ya koti, aliyonunuliwa na mwanawe mjini, na sisi wote tukainama. Sindano ikazunguka, ikasita.

Tangi.

Simu sita zimepangwa juu ya kabati, zote zimekubaliana. Mtu mwenye akili angefikiri. Mimi nilishika kichwa.

"Mzee wangu," nikasema kwa uchungu, "poleni. Kikatiti nzima mmeuziwa feki."

Mzee alinitazama kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama ndama aliyeingia kanisani. Akazitazama simu. Akatoka hadi mlangoni, akautazama mlima, halafu tangi, halafu akarudi, akafungua ngumi na kuziweka funguo mbele ya yule mama. "Endelea na kazi yako, mama," alisema, akachukua simu yake na fimbo yake, akaenda kwa ng'ombe wake. Ndipo kicheko kikaanza nyuma, kikaenea mpaka barabarani.

Yule mama hakucheka. Alizitundika funguo kwenye msumari wake ukutani, akamrudishia shangazi vitumbua vyake kwenye kioo, kimoja kimoja, mpaka shangazi akasema sawa. Kisha akanishika mkono wa shati, akanitoa nje hadi palepale nilipokuwa nimesimama, akanionyesha kwa kidole.

"Kaka," alisema, "dira inaonyesha kaskazini. Kwenu Moshono Mlima Meru uko kaskazini. Hapa Kikatiti uko kaskazini-magharibi. Hakuna jiwe ndani ya simu."