Jiko Lisilolisha Mtu

Mwanangu ameitundika ile picha sebuleni, hapa Arlington, Texas, juu ya televisheni, ili kila anayeingia aione. Juzi walikuja wageni kutoka Houston, watu wa nyumbani. Mmoja akaisogelea, akauliza, "Haya, mama mzazi ni yupi hapa, aliyesimama au aliyekaa?" Wakacheka mpaka chai ikawapalia. Aliyesimama ni mimi. Aliyekaa ni sanamu. Kila nikipita pale nageuza uso. Keti, mwenzangu, nikueleze, maana hawa wa humu ndani wanaona nazeeka vibaya.

Ilikuwa mwaka 2018, tulipokwenda Ayalandi, mimi, mwanangu na binti yake wa miaka kumi na moja. Siku moja nzima tulishinda ndani ya basi la watalii. Dereva ndiye aliyekuwa msimulizi pia, anaendesha huku anachekesha watu kwenye kipaza sauti, na mjukuu wangu ananitafsiria kila neno. Hapo nitajisifu, sijali: mtoto kazaliwa Texas na Kiswahili chake kimenyooka. Basi lenyewe lilinuka makoti yaliyolowa. Mzee mmoja mbele yetu alimenya mayai matatu ya kuchemsha, maganda akayasukumia chini ya kiti kwa kisigino. Tulishushwa kwenye vijimji vya nyumba za rangi ya bluu na ya waridi, tukapewa dakika ishirini, watu wakakimbilia chooni, kisha duka la kondoo wa kitambaa. Kondoo wazima walikuwa ng'ambo ya barabara, wamelowa, wanatafuna. Hakuna aliyewatazama.

Mimi niliwatazama. Manyunyu yale, ukungu umelala juu ya vilima, majani mabichi mpaka macho yanauma, nikajiona nimerudi kwetu Makete. Nchi ya baridi, viazi na pareto. Asubuhi tulichuma maua ya pareto mpaka vidole vinakufa ganzi, halafu mbio jikoni kwa bibi. Jiko lile! Kuta za fito na udongo, dari imepikwa na moshi mpaka inang'aa, simbilisi wetu wa kufuga, kama panya wasio na mkia, wanapita miguuni wakilia kwii kwii kila wakisikia ganda la kiazi limeanguka. Viazi vilichomwa kwenye majivu ya moto. Ukipasua kimoja, mvuke unakupiga usoni, unakula na ngozi yake na mchanga wake.

Bibi alikuwa na sheria moja. Mtu akiingia jikoni kwake, awe jirani, awe mpita njia asiyejulikana, anawekewa kiazi cha moto mkononi kwanza. Jina na shida yake ataulizwa baadaye. "Mkono wenye baridi hausemi kweli," ndivyo alivyokuwa akisema. Nasi watoto tulizoea, tunaingia mkono uko mbele.

Mwaka mmoja viazi viliungua kwa ugonjwa. Shamba la kijani likageuka jeusi ndani ya siku chache. Ukichimba, kiazi kinapasukia vidoleni, ujiuji wa kijivu, na uvundo ambao tulikwenda nao kanisani kwenye nywele. Tulikula majani ambayo mbuzi aliyakataa. Majirani walianza kufunga milango wakisikia hodi. Bibi hakufunga. Alichemsha maji, akatia chumvi, akampa mtu kikombe.

"Hayo hayashibishi," jirani alimwambia.

"Yana moto," bibi akajibu, akaendelea kuchochea.

Sasa mchana ule, dereva akasema tunakwenda kuona nyumba ya maskini wa zamani. Kwa mara ya kwanza akaacha mzaha. Viazi vilioza, akasema, watu wakafa njaa, wakazikwa pamoja bila majina. Mjukuu aliponitafsiria nikajikuta nanusa vidole vyangu.

Tukashuka. Nyumba ya mawe, paa la nyasi, mlango wa kuinamia. Niliingia natetemeka, mvua imeniingia shingoni. Nikaona moto, bibi kizee ameketi kando yake na shali, sahani ya viazi mezani. Mkono wangu ukaenda wenyewe.

Kiazi hakikuinuka. Kilikuwa cha plastiki, kimebandikwa kwa gundi. Bibi naye plastiki, jicho moja lina vumbi, kidevu kimebanduka rangi. Moto ulikuwa taa nyekundu. Mama mmoja mlinzi akanifokea, na mjukuu akaninong'oneza, "Bibi, ni feki. Anasema usiguse." Watu nyuma yetu wakacheka. Yule mzee wa mayai akamkumbatia sanamu begani apigwe picha. Mahali watu walipokufa kwa kukosa kiazi, wameweka kiazi kisicholika! Mate yalinijaa mdomoni, sikupata pa kutema.

"Simama karibu naye, mama. Tabasamu," mwanangu akasema, akapiga picha. Kisha akatoa lililomfanya anipeleke mbali kote kule. "Jiko la bibi yako bado limesimama. Tulitengeneze hivihivi, wageni waje kuliona. Mjomba kasema anasubiri neno lako."

"Na bibi yangu mwenyewe?"

"Tutatafuta fundi wa sanamu."

"Utamfunga na kamba, watu wasimguse?"

"Kamba kidogo tu, mama."

"Wewe ulinyonya ziwa langu au la ng'ombe?"

Mjukuu alicheka. Mwanangu hakucheka. Tukapelekwa hotelini kula, sahani zimefurika viazi vya kukaanga, na nusu yake ikamwagwa kwenye pipa sisi tukiwa bado tumekaa. Sikutia kitu mdomoni.

Tuliporudi Arlington nikampigia mdogo wangu, huyo mjomba aliyebaki Makete, nimwambie mimi nimekataa, hata ufito mmoja usiguswe.

"Shikamoo dada," akasema, akanisikiliza mpaka mwisho. "Jiko lilianguka masika ya mwaka jana."

"Mbona ulimwambia mwanangu unasubiri neno langu?"

"Nilijua utakataa na mambo yataishia hapo. Nikaona maneno ya nini."

"Na mimi hukuniambia?"

"Hukuuliza, dada. Ukipiga unauliza mvua, unauliza miguu yangu, unakata. Zile fito zilikuwa kavu. Mama watoto kazipikia maharage mwezi mzima."

Nilikuwa nimechukizwa na mwanangu, na dereva, na mzee wa mayai. Sasa ikawa zamu yangu mwenyewe. Nimegombana na mtoto wangu juu ya jiko ambalo mimi sikuwahi kuuliza kama lina paa. Yeye alitaka kumfunga bibi yangu kwa kamba. Mimi nilishamfunga siku nyingi, kichwani, haguswi na mtu. Aliyemtendea haki ni yule mke wa mdogo wangu, aliyezitia fito zake motoni akalisha watoto.

Mjukuu akaja kuniuliza babu wa Makete kasemaje. Nikamwambia jiko limeliwa na maharage. Akaleta karatasi, akataka nimwelekeze alichore lilivyokuwa. Nikamtajia kuta, nikamtajia dari, simbilisi akawachora wengi kupita kiasi. Akauliza, "Mlango ulitazama wapi, bibi?"

Kalamu yake imesimama, ananisubiri. Sikumbuki.