Mbegu Isiyo na Msamaha wa Ushuru

Mwezi uliopita, kwa wakala wa mizigo hapa Kasulu, nilimkuta mama mmoja wa kijiji cha Muyama anayehamia Kanada kwa mwanawe. Wakala alikuwa akikagua vyombo vyake.

"Sufuria hizi zimetumika, mama, hazina ushuru. Ila maharage ya mbegu, watu wa forodha kule watayachoma."

"Hata kidogo? Alinipa marehemu mama nilipoolewa. Kila mwaka napanda, nabakiza."

"Hata punje."

Mama akafungua mfuko, akatugawia tuliokuwa kwenye foleni, kila mtu kiganja kimoja. "Msipike," alituonya. "Pandeni."

Kwa forodha, chombo kikuukuu kina msamaha. Mbegu kuukuu haina. Maharage yangu nimeyapanda shambani kwangu Kumsenga, yameota. Laiti ningechukua namba yake ya simu, ningemtumia picha.