Mbili Zilizopotea kwenye Elfu

"Mita yako inadanganya, shemeji! Nimebonyeza elfu moja, inanisomea mia tisa tisini na nane. Mbili zimekwenda wapi?"

"Unaniuliza mimi? Mita ni ya marehemu. Uliiazima kwa siku mbili, huu mwaka wa sita. Irudishe kwanza, ndipo uitukane."

Fundi akainua macho kutoka kwenye mita. Mjane wa kaka yake alikuwa kasimama mlangoni, mkoba kwapani, na hakuja kwa salamu.

Mezani kulikuwa na ile kazi iliyomkondesha: mashine ya kutoa wimbi la mraba. Unaandika namba kwa vitufe, saketi inawasha na kuzima umeme mara hizo hizo kila sekunde, pa, pa, bila kuteleza, na spika inalia kama mbu aliyekasirishwa. Waliianza wawili, yeye na kaka. Wakagombana, wakanuniana, wazee wazima wale, hadi mmoja akaingia kaburini na kinyongo chake.

Akaandika elfu tano. Mita ikasoma elfu nne mia tisa hamsini. Vinyweleo vikamsimama mikononi. Kaka alikuwa hivyo hivyo: ukimpuuza kidogo, anazidisha.

"Ananichezea huyu. Tangu tumzike ananichezea."

"Kaburini hakuna umeme," shemeji akamkata. "Hebu niambie, mligombania nini? Siku ile alirudi nyumbani hakugusa chakula."

"Upuuzi tu. Kwa sauti ya elfu moja, kihesabio cha saketi kinahesabu mapigo mia tano ya saa yake ya ndani, inayopiga mara milioni kwa sekunde, ndipo kiwashe au kizime umeme. Yeye anasema niandike mia nne tisini na tisa, eti kinaanzia sifuri, na sifuri nayo ni pigo. Nikamwambia mbele ya wateja, sifuri anazijua yeye, ndizo alizoleta nyumbani miaka yote ya shule."

Wateja walicheka sana siku ile. Hata sasa alikuwa anawasikia.

Kisha mdomo ukabaki wazi. Sifuri, moja, mbili, mpaka mia tano. Akahesabu kwa vidole kama mtoto. Mia tano na moja. Pigo moja la ziada, kila mara; na sauti ikipanda hesabu hufupika, basi pigo hilo hula zaidi.

Akavuta kibodi ya kompyuta, kwenye programu ya mashine akapunguza moja katika kila hesabu. Elfu moja: mita ikasoma elfu moja kamili. Elfu tano: elfu tano. Sauti ilipanda kidogo tu, kama mtu aliyekuwa kainama akanyanyua kichwa. Fundi akageuka kutazama kiti cha pili, alichokuwa akikalia kaka. Kilikuwa kitupu, na vumbi lake.

Akachomoa waya, akaifuta mita kwa pindo la shati, akaitoa kwa mikono miwili.

"Alikuwa sahihi, shemeji. Nilimdhalilisha bure."

Mjane aliishika mita, akaipima uzito, kisha akairudisha mezani palepale.

"Hilo neno ndilo nililokuwa nakudai. Hii kaa nayo, mimi nitaichomeka wapi?"

Akavuta kile kiti cha pili, akakipangusa, akakaa.

"Haya, iwashe tena hiyo mashine yenu. Nataka kuisikia."