Siku Niliyojifanya Nimepumbazwa

Nilipokuwa mtoto kwetu Queensbury, Bibi alituonya kila mara tusimtazame machoni mtu wa kiini macho. "Akishakupumbaza," alisema, "ulimi si wako tena. Utasema kweli tupu." Nami nilimcheka. Nimezaliwa London, kiini macho nilikijua cha kwenye simu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne pale Idrisa, mvulana wa Kimombasa aliyekaa Kenton, mtaa wa jirani, alipotangaza skuli kwamba amejifunza kupumbaza watu. Alipojaribu, mtu wa kwanza alimcheka usoni. Wa pili akapiga chafya. Darasa likaanza kumzomea, naye jasho likamtoka. Nilikuwa nikimpenda tangu mwaka uliopita na hakuna aliyejua. Nikanyoosha mkono.

Akaning'iniza ufunguo wa nyumba yao mbele ya uso wangu, akahesabu. Nikafumba macho, kichwa nikakilaza begani. Nilitaka kumwokoa tu na aibu, basi.

"Mtaje unayempenda humu ndani," akaniamuru.

Ningeweza kutaja yeyote. Lakini maneno ya Bibi yakanijia, nikaona kumbe nina ruhusa: aliyepumbazwa halaumiwi.

"Wewe," nikasema.

Zogo lililozuka! Ufunguo ukamponyoka. Wiki nzima akawa ananikwepa, hata foleni ya chakula anaihama. Jumamosi akagonga mlango wetu.

"Shikamoo, Bibi. Nimempumbaza mjukuu wako, na sijui kumzindua. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Kaa, mwanangu."

Bibi akamtazama, kisha akanitazama mimi niliyesimama mlangoni mwa jiko nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Akamimina maji, akayasomea dua, akanipa. Nikanywa mpaka tone la mwisho.

"Keshazinduka," akasema. "Haya, muulize sasa."

Idrisa akanigeukia. "Bado ni mimi?"

"Bado ni wewe," nikajibu.

Bibi alicheka mpaka mtandio ukamwanguka.

Tulirudi pamoja kutoka skuli hadi kiangazi, kisha wazazi wake wakahamia Leicester, na mapenzi yale yakaisha taratibu, kama ya umri ule. Sikumwambia kamwe kwamba sikupumbazwa.

Nadhani hata hivyo nilipumbazwa kidogo. Imani niliyoicheka ndiyo iliyonifungua mdomo. Miaka mingi baadaye, nilipomwambia mwanamume ambaye sasa ni mume wangu kwamba nampenda, sikuwa na pa kujificha. Macho nimeyafumbua, nikasema.